Magari Yanayomsalimia Mzee Yesaya

Ketrina hamruhusu mteja kuondoka kabla hajasimama mbele ya gari lake mwenyewe. Akishamaliza kufunga balbu anakuambia shuka, nenda pale kwenye nguzo, geuka. Unasimama kama mwanafunzi aliyechelewa mstarini, na yeye ndani ya gari lako anawasha taa za dimu, zile kali za fulu, indiketa ya kushoto, ya kulia. Kisha anakuzungusha nyuma ukaangalie breki. "Umeona wanachokiona wenzako?" Ukisema ndiyo, unapewa funguo. Ukimletea haraka zako, funguo zinaingia mfukoni na yeye anaendelea na chai.

Mimi ni jirani yake. Miaka kumi na mmoja tumeegemea ukuta mmoja wa kanisa, hapa Tunduma, barabara ya kwenda Sumbawanga. Yeye fundi umeme wa magari, mimi Danford, muuza vipuri. Nimemwona akiwasimamisha kwenye nguzo matajiri, wachungaji, na bwana harusi mmoja aliyekuwa anasubiriwa ukumbini. Yule bwana harusi alilia kidogo, lakini alisimama.

Kwao ni Itaka, kwenye kahawa. Jembe lilimchosha mapema, akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa fundi mmoja Mbemba. Alikaa kwake miaka minne, akajifunza kupima waya kwa testa na kutukana kwa Kibemba. Hilo la pili alihitimu upesi. Mpaka leo madereva wa Zambia wakikwama kwenye foleni ya malori wanashuka kumtafuta kwa salamu ya kwao: "Mwapoleni mukwai, Ba Ketrina yupo?" Dereva wa namna hiyo anapita Tunduma mara moja kwa mwezi. Hana namba yake ya simu, anachojua ni ule ukuta tu. Akifika asimkute, anakwenda kwa fundi wa kwanza atakayemwona.

Ndiyo maana mwaka huu kanisa lilipotangaza kuubomoa ukuta na kujenga fremu sita za maduka, Ketrina aliacha kula mchana. Wapangaji tulikuwa tisa. Wasiopungua watatu wataondoka, na majina ya watakaopata fremu yatachaguliwa na kamati ya ujenzi. Kwa wengine kuondoka ni kuhamia mtaa wa pili. Kwa Ketrina ni kurudi Itaka kupalilia kahawa ya kaka yake, mbele ya wifi ambaye toka mwanzo alisema mwanamke hafungi taa.

Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Mzee Yesaya, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima na wa kofia. Ana Corolla nyeupe ya mwaka tisini na saba, viti vimevishwa vitambaa vya kufuma. Anaiosha mwenyewe, na akimaliza anaizunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma, kama anakagua bweni.

Wiki tatu kabla ya majina kutoka, Corolla ikaegeshwa kwa Ketrina.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti." Binti mwenyewe ana miaka arobaini na sita. "Nataka taa za LED gari zima. Mbele, nyuma, ubavuni. Kama zile za magari ya wakubwa."

Nyuma alimfungia bila maneno. Alichagua balbu nyekundu kwa vioo vyekundu, kwa sababu balbu nyeupe huwafanya watu waone breki ya rangi ya waridi. Indiketa zilipowashwa zikaanza kupepesa kwa kasi ya ajabu, Mzee akashtuka. "Usijali," Ketrina akamwambia. "LED inakula umeme kidogo, flasha yako ya zamani, hiyo inayozipepesa, inadhani balbu imeungua." Akabadilisha flasha, zikatulia. Mzee alifurahi, akasema watoto wa siku hizi wana akili.

Halafu wakafika kwenye taa za mbele, na hapo mambo yakaharibika.

"Hizi hapana, Mzee."

"Hapana vipi?"

"Kioo hiki kimetengenezwa kwa balbu ya uzi. Ukiweka LED humo, mwanga hauendi barabarani, unatawanyika kwenye macho ya watu. Wewe utaona vizuri. Wenzako watakuwa vipofu."

Mzee Yesaya hakuwa amesikia neno hapana tangu alipostaafu. Alivaa kofia yake polepole, akasema, "Basi nitatafuta fundi anayejua," akavuka barabara.

Sasa hapa nalazimika kusema ukweli ambao haunipendezi. Balbu aliuziwa na mimi. Boksi lilikuwa na picha ya simba, nilizitoa Nakonde, na nilikuwa nimemsikia Ketrina kwa masikio yangu yote mawili. Lakini mtu akisimama dukani na noti mkononi, mimi masikio yangu huziba. Aliyezifunga ni Brian, kijana wa ng'ambo ya barabara, ambaye naye alikuwa anausaka ukuta wetu. Alimaliza kwa dakika kumi, akampigia Mzee saluti. Hakumsimamisha kwenye nguzo yoyote.

Baada ya hapo mji ukapata mateso. Jua likishazama tu, Corolla ikitokeza, bodaboda wanaingia kwenye mtaro. Mama wa kwaya, macho yamepofushwa na mwanga, alimpungia mkono Mzee Yesaya, kumbe amepungia mti. Na aliyethubutu kumwambia hakuwepo. Nani amwambie mwenyekiti, na fremu hazijagawiwa?

Madereva walijaribu kusema kwa lugha yao. Wakikutana naye wanampigia fulu, maana yake punguza taa, unatuua. Lakini hapa kwetu dereva akimwona anayemfahamu pia humpigia fulu, ndiyo salamu. Mzee Yesaya akachukua ile ya salamu.

"Toka nimeweka hizi taa," alitutangazia pale dukani kwangu, kifua mbele, "kila gari linanisalimia. Kila gari! Jana lori la Zambia limenisalimia mara nne. Watu wasionijua!"

"Na wewe unafanyaje, Mzee?" nikamuuliza, Mungu anisamehe.

"Naitikia! Nawapa fulu mpaka tupishane."

Niliingia ndani ya duka nikajifanya natafuta fyuzi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipotoka Ketrina alikuwa amesimama mlangoni na hacheki. Mama Restuta, katibu wa kamati, alikuwa ametoka kumnong'oneza kwamba orodha imeshaandikwa. Mzee amewaambia wajumbe kwamba fundi asiyejua LED hawezi kupewa fremu ya kanisa katika karne hii. Jina la Ketrina halimo. La Brian limo, namba tatu.

"Danford," akaniambia, "ulizijua zile balbu?"

"Nilizijua."

Hakunitukana hata kwa Kibemba. Niliona aibu kuliko kama angenitukana.

Jumamosi asubuhi kamati ikaja kusoma majina. Ukungu ulikuwa umeshuka, kwa hiyo tukaingia kwenye ghala la mahindi lililo nyuma ya ukuta, halina dirisha hata moja. Mzee Yesaya aliingiza na Corolla yake humo, maana hapendi ilowe. Kabla hajafungua bahasha, Ketrina akapiga goti kidogo, sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mzee, kabla ya majina naomba kujifunza. Nilikukatalia taa kwa ujinga wangu. Naomba nizione, na wajumbe nao wazione."

Mzee alichanua. Funguo zikatoka mfukoni zenyewe.

"Lakini, Mzee," Ketrina akaendelea, "magari yote yamekusalimia isipokuwa hili lako. Simama pale mwisho na wajumbe, na lenyewe likusalimie."

Akaenda! Akajipanga na wajumbe wake wanne ukutani, kofia sawa, tabasamu sawa. Mimi na wapangaji wenzangu tukajibana pembeni yao. Mtu akavuta mlango wa bati. Giza. Ketrina, ndani ya gari, akawasha fulu.

Ndugu yangu, nimewahi kutazama moto wa kuchomelea bila miwani, haukuwa hivi. Mama Restuta alijifunika mkoba usoni. Mjumbe mmoja akageukia ukuta akaanza kukemea pepo. Mwenye ghala, aliyekuja kutufungulia, akajikwaa kwenye gunia la mahindi, akabaki hapohapo chini. Mzee Yesaya peke yake alibaki amesimama wima, macho wazi, machozi yanamtiririka.

"Mnaona?" akasema kwa nguvu.

"Hatuoni!" wakajibu wote.

Ketrina akapiga fulu mara nne, kama lile lori la Zambia. Akazima. Mlango ukafunguliwa. Nilimwona Mzee akikunja vidole kimoja kimoja. Nadhani alikuwa anayahesabu yale magari.

"Kwa hiyo," akauliza taratibu, "salamu zile zote..."

Hakumalizia. Hakuna aliyemsaidia kumalizia. Nilimwonea huruma, na nilimwogopea Ketrina zaidi, kwa sababu mkubwa ukishamwaibisha mbele ya watu wake hana deni nawe la wema.

Mzee akafungua bahasha. Akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali. "Naona madoa ya kijani," akasema. Akampa Mama Restuta, naye akaona madoa ya kijani. Sote tulikuwa tumesimama mbele ya ile taa. Mwenye macho mazima mle ndani alikuwa mmoja tu, aliyekaa nyuma ya usukani.

"Binti, soma wewe."

Ketrina akaipokea. Nilijua kilichoandikwa, na yeye alijua. Nikaomba kimoyomoyo adanganye. Mimi ningedanganya, tena ningejipa namba moja. Angeweza kutaja jina lolote, hakuna aliyekuwa na macho ya kumkagua.

Akasoma kama ilivyo. "Namba moja, Jofrey, duka la dawa za mifugo. Namba mbili, Danford, vipuri. Namba tatu, Brian, fundi umeme." Akaenda hivyo hadi sita, sauti haikutetemeka. Akaikunja karatasi, akamrudishia kwa mikono miwili.

Mzee Yesaya hakuipokea. Alikuwa anafuta macho kwa kitambaa, na mpaka leo sijui alikuwa anafuta nini.

"Namba tatu umeisoma vibaya," akasema.

"Nimesoma ilivyoandikwa, Mzee."

"Mimi ndiye niliyeandika. Soma tena."

Ketrina akaifungua tena. Akaitazama muda mrefu, halafu akamtazama Mama Restuta, ambaye ghafla alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba.

"Namba tatu," akasema, na safari hii sauti ikatetemeka, "Ketrina, fundi umeme."

"Ehe," Mzee Yesaya akasema, akiweka kofia yake vizuri. "Uwe unasoma kwa makini."