Nusu Nyeupe ya Ukoo wa Muhonja

Muhonja alikuwa msusi mtaani Donholm, Nairobi, kwa miaka kumi na tisa. Wateja walisema vidole vyake ni vyepesi hivi kwamba mtu angesinzia kitini akaamka amesukwa tayari. Kisha, mwaka alipotimiza arobaini na moja, asubuhi zikamgeuka. Aliamka akaviona vidole vyake juu ya shuka, vimevimba, vimetulia, kama vya mtu mwingine aliyelala kando yake. Akavitumbukiza katika maji ya uvuguvugu na kungoja. Mvuke ulimpanda usoni, jua likajikokota juu ya maghorofa, na ilipofika saa nne ndipo vidole vilipokubali kukunjika.

Majirani walisema ni baridi. Yeye alimkumbuka marehemu mama yake, Khavere, aliyeugua sukari na magoti kwa miaka mingi. Siku zake za mwisho Khavere alimshika mkono akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Ninakuachia mwili wangu."

Hospitalini walimweleza kwamba ni baridi yabisi: kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, imegeuka kuvishambulia viungo. Akaanzishiwa vidonge. Hapo ndipo alipokutana na Daktari Muturi, mtafiti aliyekuwa akikusanya damu za familia ili kuchunguza jinsi magonjwa kama hayo, pamoja na kisukari, yanavyorithiwa. Muturi alichora ukoo wa Muhonja kwenye karatasi, duara kwa kila mwanamke, mraba kwa kila mwanamume.

"Na upande wa baba?" akauliza.

"Sina upande wa baba."

"Kila mtu anao, mama," Muturi akasema taratibu.

Nusu ya karatasi ikabaki nyeupe. Wiki nzima Muhonja aliiona ile nusu kila alipotazama: kwenye mashuka yaliyoanikwa, kwenye povu la sabuni, kwenye anga juu ya ploti alikopanga chumba. Alichojua ni kwamba baba yake aliitwa Mumin, fundi cherehani wa Majengo, kule Pumwani, na kwamba alifariki zamani. Walitengana na Khavere kwa sababu ya tofauti za dini, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani.

Jumamosi moja akaenda Majengo. Alitembea kama mtu anayepita ndani ya ndoto, akiwauliza wauza mahamri kama wanamkumbuka fundi Mumin. Wa tatu alimwonyesha mlango wa buluu. Bibi mmoja alikuwa ameketi kizingitini.

"Shikamoo. Natafuta watu wa Mumin, fundi wa nguo."

Yule bibi hakumtazama usoni. Alitazama mikono.

"Marahaba," akajibu. "Pita ndani. Hiyo mikono ni ya mama yangu."

Alikuwa Habibo, dada yake Mumin. Vidole vyake vilikuwa vimelalia upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Maradhi haya yalinianza nikiwa na miaka thelathini," alisema. "Tulidhani ni maji baridi ya udhu wa alfajiri. Mama yetu alikuwa akidarizi kofia. Siku moja sindano ikamdondoka, hakuishika tena."

Akamimina chai ya tangawizi. Alikishika kikombe kwa viganja viwili, bila kugusa kishikio chake, na Muhonja akagundua kuwa yeye pia alikishika chake vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata wakaenda pamoja kwa Muturi. Akazijaza duara na miraba zilizokosekana, akawatolea damu.

"Hakuna jeni moja ya ugonjwa huu," akawaeleza. "Ni vipande vingi vidogo, kila kimoja kinaongeza chembe tu. Wapo wanaovibeba na hawaugui kamwe."

"Kwa hiyo si mama aliyenipa? Alifariki akiniomba radhi," Muhonja akasema.

"Pengine alikupa kidogo. Baba naye kidogo. Na maisha yakaongeza mengine ambayo hatujayajua yote. Hakuna wa kuombwa radhi, wala wa kuomba."

Muhonja akainamisha kichwa. Alitamani Khavere angekuwa amekaa kwenye benchi lile, asikie.

Habibo naye alipewa vidonge. Uvimbe ulipungua, lakini vidole vilivyopinda havikunyooka. Muhonja aliacha misuko myembamba, akabaki na ile minene, na saluni akaanza kuifungua saa nne. Muturi aliwaambia kwamba matokeo ya damu yao yamejumlishwa na ya maelfu ya watu, na kwamba hakuna barua ya majibu itakayokuja yenye majina yao. Habibo hakujali. Alichotaka ni Muhonja aje kila Ijumaa kula pilau.

"Baba yangu alikuwa mtu wa namna gani?" Muhonja alimuuliza Ijumaa moja.

"Akiendesha cherehani alikuwa akiimba."

"Vizuri?"

"Vibaya sana," Habibo akasema, akamsogezea sinia karibu.