Maji Niliyoyameza

Utotoni mwangu kule Werugha, miaka ya hamsini, mtu hakuingia msituni na hasira. Angeweza kuingia na njaa, na kikohozi, hata na gauni lililochanika nyuma kama langu, lakini hasira aliiacha nje. Hiyo ilikuwa sheria ya nyanya yangu, mama yake baba, na alinifundisha kuifuata kabla sijajua kujifunga leso kiunoni.

Kila alfajiri tulikwenda kuchota maji kwenye chemchemi iliyokuwa ukingoni mwa fighi, ule msitu wa wazee ambao hakuna aliyethubutu kukata hata kijiti chake. Kabla ya kuinamisha kibuyu, tulisimama. Nyanya aliniambia nifumbe macho, nivute ukungu kwa pua polepole mpaka tumbo lijae, nikae nao kidogo, kisha niutoe kwa mdomo, polepole vilevile. Tulifanya hivyo mpaka nikasahau baridi ya miguuni. Siku nyingine nilihisi miti nayo inapanda na kushuka pamoja na kifua changu, na sikujua tena ni nani anayempumulia mwenzake. Sijapata tena furaha ya namna ile, na nimeishi miaka mingi.

"Ukungu ni pumzi ya msitu," alinieleza. "Unavuta yake, nao unavuta yako. Ukiupa hasira, msitu utairudisha nyumbani kwenu. Na haitamtafuta mwenye hasira. Itamtafuta aliye mdogo."

Aliye mdogo kwetu alikuwa Mwadime, ndugu yangu wa miaka sita, mwenye pengo mbele na maswali yasiyokwisha. Nilimpenda. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele msomaji anaweza kutilia shaka.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimesoma mwaka mmoja katika shule ya misheni. Nilikuwa na kibao changu cha kuandikia, chenye fremu ya mbao, na niliweza kuandika jina langu, Wakesho, bila kumtazama mwalimu. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko chini upande wa Voi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja alikuja, akala, akanawa mikono, akasema muhula ujao Mwadime ataanza shule, nami nitabaki kumsaidia mama shambani. Kibao nimpe ndugu yangu. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imekaribia. Mama aliinamisha kichwa. Nyanya alikohoa, akatoka nje. Mwadime, ambaye hakuwa na kosa lolote duniani, alilifuta jina langu kwa mate ili apate nafasi ya kuchora ng'ombe.

Tangu siku ile nilisimama ukingoni mwa fighi nikavuta ukungu kama kawaida, lakini wakati wa kutoa sikutoa kitu. Niliitunza hasira yangu kama watu wanavyotunza kaa chini ya jivu, wasije wakahangaika kuwasha moto asubuhi. Nyanya alikuwa amesimama kando yangu, macho amefumba. Nilidhani hajui.

Baada ya wiki mbili Mwadime alinyeshewa akirudi kutoka kwa shangazi. Usiku akatetemeka, asubuhi akashikwa na kichomi. Kila pumzi aliivuta kwa mbavu zote, na nilipomwekea mkono kifuani nilisikia kitu kikikwaruza ndani. Mama alitaka abebwe mara moja hadi hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku. Nyanya akakataa. Alisema dawa haiingii katika nyumba yenye hasira, na kikulacho ki nguoni mwako. Kwanza tufanye kutasa, na kutasa hakufanywi mtu wa nyumba akiwa hayupo. Baba aitwe. Mama alikuwa mtu wa kanisa, alilia, lakini mke wa mtu siku zile hakubishana na mama mkwe. Kijana wa jirani akatumwa chini na habari. Baba alifika baada ya siku mbili.

Kutasa kwetu ni kutoa nje kilichojificha moyoni. Usiku uleule tulikaa kumzunguka mgonjwa, kibuyu kimoja cha maji ya chemchemi kikapita mkono kwa mkono. Kila mtu alipiga funda, akayapuliza maji chini kwa nguvu, akasema kama nina hasira na yeyote hapa, itoke na maji haya, mtoto apone. Baba alianza, sauti ikimkatika. Mama akafuata. Nyanya akafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Nilijua kutema maana yake nini. Ukishatema, jambo limekwisha, huwezi kulidai tena. Nikitema nimekubali. Kibao kimekwenda, shule imekwenda, nitalima mpaka niolewe. Mdomo umejaa, nikageuza uso kuelekea mlangoni, nikatoa sauti ya kupuliza kwa midomo, na maji nikayameza. Kisha nikasema maneno yote bila kuruka hata moja. Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu. Yangu hayakumwagika.

Kulipopambazuka baba alimbeba Mwadime mgongoni, mama nyuma yake, wakashika njia ya hospitali. Jua halijafika kichwani nikawaona wanarudi. Baba alikuwa bado amembeba vilevile, taratibu, akikwepa mawe asije akamtikisa. Mama ndiye aliyekuwa amejifunika leso usoni. Nilikimbilia nyuma ya zizi nikajitia kidole kooni. Sikutapika kitu.

Muhula ulipofunguliwa nilirudi shule. Hakuna aliyeeleza, kwani kulikuwa na nini cha kueleza? Mtoto amebaki mmoja. Baba alinipa kibao kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni. Ng'ombe wa Mwadime alikuwa bado yuko juu yake, ana miguu mitano. Sikuweza kumfuta. Alimfuta mwalimu, kwa kitambaa, akinigombeza kwa uchafu.

Nilikaa na jambo lile mwaka mzima, kisha asubuhi moja pale chemchemini nikamwambia nyanya. Hakuacha kuchota.

"Nilikuona," akasema. "Koo lako lilipanda na kushuka."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, na kutasa kungeweza kurudiwa palepale.

"Ningekuambia nini, mjukuu wangu? Na mimi nilimeza. Nilikuwa na hasira na baba yako kwa ajili yako."

Akajitwika kibuyu, tukarudi nyumbani. Hatukusimama tena kuvuta ukungu, siku ile wala nyingine yoyote, mpaka alipokufa.

Shule ilinifikisha mbali. Nilikuwa muuguzi, na miaka mingi nilifanya kazi wodi ya watoto. Nakijua kichomi kama ninavyoijua njia ya kwetu. Najua kwamba Mwadime aliuawa na zile siku mbili za kumngoja baba, na kwamba sindano ya siku ya kwanza huenda ingemwokoa. Nimewaeleza hayo mama wengi, kwa ukali mwingi. Lakini kila kifua cha mtoto kilipokwaruza mbele yangu, mkono wangu ulikwenda kwanza kwenye koo langu mwenyewe.

Siku hizi mjukuu wangu Mkawasi huleta wageni kutoka Nairobi hadi ukingo wa fighi iliyobaki. Wanatandika mikeka, anawafundisha kupumua ili wajisikie kitu kimoja na miti na ardhi. Mwaka jana alinikalisha kwenye kiti katikati yao. "Vuteni polepole," aliwaambia, "na mkitoa, toeni kila kilicho kizito." Hakufundishwa na mimi. Wageni wakatoa pumzi, wengine wakalia, na ukungu ukapita kati yetu kama zamani. Mimi kuvuta sijasahau.

Walipokuwa wanakunja mikeka aliniuliza kama nimependa. Nikamwambia anafundisha vizuri, ila hawaambii ile wanayoitoa inakwenda wapi. Akacheka, akanipa chupa ya maji, kwani sauti ilikuwa imenikauka.

Nilipiga funda nikageukia miti. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Maneno nilikuwa nayo yote. Lakini kutema ni kukubali, na mimi nilijiuliza kwa kweli: ningerudishiwa usiku ule, ningekiacha kile kibao? Ningesema ndiyo, tena haraka, na nyanya angenitazama koo. Nilisimama mpaka maji yakapata joto mdomoni. Kisha Mkawasi akaniita twende, nikayameza.