Nilitaka veneers juu ya meno yaliyooza, hina ikaniumbua

Wakuu, shikamooni, na wa rika langu hamjambo. Mimi humu ni msomaji wa kimya, sijawahi kuanzisha uzi. Haya yamenipata mwenyewe hapa Malindi, na sijayatia chumvi.

Niko form three. Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yameingia weusi pale yanapogusana. Sababu naijua: mabuyu. Nikisoma lazima niwe nayo mdomoni, nayafyonza nyuma ya meno mpaka ibaki kokwa tupu.

Basi nikawa mtu wa mkono mdomoni. Nikicheka, mkono. Nikijibu swali darasani, mkono. Wenzangu wakadhani ni haya tu, na kusema kweli haya pia ninayo.

Shida ilianza dada yangu Zuhura alipoposwa. Kwetu bibi harusi akitolewa mbele ya wanawake, ndugu yake humtangulia akimwimbia. Zuhura akasema hamtaki mwingine ila mimi, kwa kuwa hunisikia nikiimba nikiosha vyombo.

Ni dada yangu wa pekee. Nikakubali, kisha usingizi ukaniruka. Ukumbi mzima wa wanawake, wote wananitazama mdomo.

TikTok ikanipa jibu: veneers. Vile vigamba vyeupe vinavyogandishwa mbele ya jino, mtu akatoka anang'aa. Na saluni aliyoichagua Zuhura ilikuwa nayo yote, hina, kucha na veneers, kiti kimoja. Nikamwambia Zuhura nazitaka. Sikumwambia kwamba meno yenyewe yanauma.

Siku ya hina tulikwenda na mamangu mdogo, Salma. Nikapakwa mimi kwanza, mikono yote miwili. Hina mbichi, wakuu, huwezi kugusa kitu. Ndipo dada wa saluni akaja na kijitochi.

"Haya mrembo, cheka nione."

Mkono ukataka kupanda, nikakumbuka hina. Nikacheka hivyo hivyo.

"Pana weusi hapa. Lakini usijali, tunabandika juu, hapaonekani."

Nilifurahi. Zuhura akaninywesha juisi ya ukwaju yenye barafu. Ile baridi ilipogusa jino niliruka, nikajishika mashavu kwa mikono miwili.

Mikono ya hina.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na maua upande huu na upande huu. Kisha akaacha kucheka.

"Tangu lini lauma?"

"Tangu Ramadhani."

Akamgeukia yule dada. "Na wewe wataka kumfungia uozo ndani, kisha alale nao? Hebu niachie mwanangu."

Kesho yake akanipeleka kwa daktari wa meno mjini, mashavu yangu rangi ya chungwa. Daktari, mzee wa Kigiriama mwenye utani, akaniuliza kama ni uso ndio unaoolewa. Nikacheka, naye akapata nafasi ya kuchungulia.

Akanieleza hivi. Veneer yahitaji jino zima la kushikia. Ukiibandika juu ya uozo, uozo unaendelea kula chini kwa chini, huuoni, mpaka ufike kwenye mshipa. Tena zile za kudumu mara nyingi jino huparuliwa kwanza, na likishaparuliwa halirudi lilivyokuwa. Kwa umri wangu, hata meno yangekuwa mazima, angenishauri ningoje.

"Sasa nitaimbaje?" Machozi yalikuwa yananilenga.

"Kwani nimesema nakuacha hivyo? Fungua mdomo."

Sindano ya ganzi niliihisi, baada ya hapo basi. Akachimba weusi wote, akajaza kwa dawa ya rangi ya meno yangu, akaikausha kwa taa ya buluu. Filling, si veneer. Nikapewa kioo, nikalitafuta shimo nisilione. Hayang'ai kama ya TikTok, lakini hujui lipi limejazwa.

Siku ya kumtoa Zuhura, mpambaji alinifunika mashavu kwa poda. Ubeti wa kwanza niliuimba mdomo nusu wazi. Wa pili wanawake wakaitikia, vigelegele vikapanda, nami nikafungua mdomo wote. Nilisahau kabisa kwamba nina meno.

Tulipofika kwenye kiti chake Zuhura akaninong'oneza, "Basi, tumefika." Mimi nikaendelea. Nikamaliza nyimbo zote, nikaanza upya, mpaka mama wa bwana harusi akauliza huyu mtoto hunyamaza lini.

Kwa hiyo wakuu, jino likiwa na weusi au likiuma, litibiwe kwanza. Veneers zije baadaye kama bado wazitaka, na aseme daktari wa meno, sio mpakaji wa hina. Huenda, kama mimi, ukakuta huzihitaji.

Mliowekewa veneers, mlitibiwa kwanza au mlibandikwa tu? Na nyinyi mnaocheka kwa mkono, andikeni hapa. Sitamcheka mtu.