Nilipotea na panga kwenye ukungu wa Myamba, nikafyeka njia iliyoachwa iote makusudi

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioamka mapema na mnaosoma huku mkitegea kazini.

Ninachosimulia hapa kimenitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani yangu. Majina nimebadilisha maana familia ile ina vijana humu ndani na wanasoma kila kitu. Mengine yote ni vilevile yalivyokuwa. Uzi ni mrefu kidogo, anayetaka muhtasari atanisamehe.

Mimi ni mtu wa Nyumba ya Mungu. Nimekulia pale bwawani na kazi yangu ni samaki. Nachukua perege na kambale asubuhi, napeleka sokoni Same.

Kwetu ni tambarare na jua kali. Mtu akija kwako unamwona tangu akiwa mbali, unapata muda hata wa kuamua kama upo au haupo. Panga kwetu ni la kupasulia kuni na kukatia miiba ya kuzungushia boma, basi.

Sasa pale Same nikampata binti, nimwite Nakijwa, alikuwa anauza duka la dawa karibu na stendi. Nilinunua dawa za mafua mpaka akaniuliza kama kweli nina mafua. Nikamwambia sina. Akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Kwao ni Myamba, juu kabisa Upare.

Wazee wangu walipanda mlima kupeleka posa. Wakapokelewa vizuri, wakalishwa makande mpaka wakashindwa kuinuka, halafu wakarudishwa. Wakapanda tena, wakala tena, wakarudi tena mikono mitupu. Hakuna aliyewaambia hapana, lakini ndiyo nayo haikutoka.

Nakijwa ndiye aliyenieleza kinachokwamisha. Baba yake ana kaka yake, nimwite Mzee Elirehema, ndiye mkubwa wa familia. Kwa utaratibu wao binti hatolewi mpaka baba mkubwa awe ameketi kikaoni. Na hao ndugu wawili walikuwa hawasemezani tangu Nakijwa yuko shule ya msingi.

Ilianza na zamu ya maji. Huko juu wana ndiva, bwawa dogo la kijiji linalokusanya maji ya mfereji kutoka mlimani, na kila shamba lina siku yake ya kufunguliwa. Mwaka mmoja wa ukame mmoja wao akafika siku ya zamu yake akakuta maji yameshapita kwenda kwa mwenzake. Wakatupiana maneno mbele za watu. Ndugu wa tumbo moja, wakakomea hapo.

Baba mkwe hataki kumwita kaka yake. Kaka mtu hawezi kuja bila kuitwa. Na mimi niko katikati, ndoa yangu inachacha.

Nikaona nipande mwenyewe, nikakae siku kadhaa, nimsaidie mzee kazi za shamba. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilitaka tu anipende, labda akinipenda atalegea. Mnaonicheka chekeni, mapenzi ndivyo yanavyomfanya mtu.

Nikapanda.

Wakuu, kama hujawahi kulala Upare wakati wa ukungu, sijui nikuelezeje. Unaamka hakuna mlima, hakuna bonde, hakuna jirani. Kuna kikombe chako cha chai na migomba miwili mitatu ya mbele, basi. Sauti zinakuja bila watu. Mtoto analia, huoni nyumba. Kengele ya kanisa inalia, hujui iko juu yako au chini yako. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuota mchana, mama yangu alikuwa anasema samaki watanipita huku nawatazama. Kule nilijiona nimefika kwetu.

Asubuhi ya kwanza baba mkwe akanipa panga. Lilikuwa zito jamani! Fundi wa hukohuko alilitengeneza kwa springi ya gari, mgongo wake mnene, na kichwa chake kimelemea mbele. Akanitazama ninavyolirusha kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Kijana, hilo si la kufukuzia nzi. Lirushe kwa bega, halafu liache lianguke lenyewe."

Akanikatia na kijiti chenye ndoano cha kushika mkono wa kushoto. Unavuta kichaka kwa ndoano, kinainama, unakikata chini kwenye shina. Mkono wako haukaribii makali. Na kwenye mteremko unaangalia juu mlimani, panga likiteleza lisije likakutana na ugoko wako. Ambao hamjawahi kufyeka mteremkoni shikeni hiyo, itawasaidia.

Nilitoka malengelenge siku hiyohiyo. Ila nikaanza kuipata ile kazi. Kuna mahali ukifika, bega na pumzi na panga vinakwenda pamoja, na kichwa kinaondoka kinakwenda zake. Mimi nilikuwa nikimwona Nakijwa amefungua dirisha la nyumba ambayo bado hatujajenga.

Siku moja mzee akanipeleka kwenye kipande cha upande wa nyuma. Vichaka vimefika juu ya kichwa, lantana na matete vimeshikana. Alitaka apande tangawizi.

"Wewe anzia hapa kwenye migomba," akaniambia. "Mimi naanzia kule mbele, tufyeke tukutane. Pale kwenye jiwe kubwa ndiyo mwisho, usivuke."

Akaenda. Nikamsikia anaanza. Nami nikaanza.

Hatujakaa sana, ukungu ukashuka. Ulikuja kimyakimya kutoka juu msituni, nikainua kichwa nikakuta sioni hata mkono nilioshikia ndoano. Nikasimama kidogo. Kwa mbali nikasikia mama mkwe anaita kitu kuhusu ng'ombe, halafu kimya. Halafu tena nikasikia panga. Ta. Ta.

Nikasema sawa, mzee yupo anaendelea, nami siwezi kukaa. Nikashika mwelekeo wa ile sauti.

Hapa ndipo nilipopotea, na sikujua kama nimepotea.

Nilikata, nikasikiliza, nikakata. Nikiacha, na yeye anaacha. Nikianza, anaanza. Nikafurahi, nikajua mzee ameshanizoea, tunafanya kazi kwa mpigo mmoja bila kuonana. Harufu ya majani mabichi ilikuwa imejaa kwenye ukungu mpaka nilikuwa kama naimeza. Umande unadondoka shingoni. Sikusikia uchovu, sikusikia njaa. Nikiambiwa nilifyeka asubuhi nzima nakubali, nikiambiwa ni kidogo tu nakubali pia.

Jiwe sikuliona. Nafikiri nililipita kwa pembeni.

Nilichoona ni kwamba chini kumekuwa kugumu. Udongo umeshindiliwa, na vichaka vimekuwa vyembamba, panga moja vinalala. Mahali pengine mguu wangu ulikanyaga mawe yamepangwa kama ngazi. Nikawaza, hawa watu wa milimani bwana, hata kichakani wanaweka ngazi.

Panga la mwenzangu likawa karibu sana. Kichaka cha mwisho kikaanguka, kila mmoja amekikata kwa upande wake.

Mbele yangu kasimama mzee ambaye si baba mkwe.

Mrefu, koti la mvua, kofia ya sufu, na panga mkononi. Tukatazamana. 

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia mimi ni mgeni, natoka Nyumba ya Mungu, nimefikia kwa mzee wa huko ng'ambo, nina nia na binti yake.

Akatazama nyuma yangu, kule nilikotoka. Njia nyeupe imeingia kwenye ukungu.

"Nani amekuonyesha pa kuanzia kufyeka?"

"Mzee mwenyewe," nikasema. Na ni kweli, ndiye aliyenionyesha.

 Akafuta panga lake kwenye suruali, upande mmoja, upande wa pili, taratibu kama mtu asiyejua afanye nini na mikono yake. Baadaye ndiyo alinieleza kwamba alikuwa nyuma ya nyumba yake anamkatia ng'ombe majani, akasikia panga linakuja kutokea upande ambao hapakuja mtu miaka mingi. Akaacha majani akaanza kufyeka kulifuata.

"Huyu mdogo wangu," akasema. "Yaani ameanza yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa niko mbele ya nani, na nimekata nini. Ile ilikuwa njia ya nyumba hizi mbili. Walikuwa wameiacha iote, kila mmoja kwa upande wake, mpaka ikafa. Nilitaka kumwambia mzee samahani, nimepotea, hakuna aliyenituma huku. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamwona macho yake, nikaufunga.

"Twende," akasema.

Akatangulia. Anakata vijiti vilivyobaki huku na huku, mimi nyuma yake. Nilijua tukifika baba mkwe atauliza nani kamruhusu huyu kupita, na binti nitamsikia kwenye redio.

Baba mkwe alikuwa anatoka kwenye banda la ng'ombe, mikono imelowa. Ng'ombe alikuwa amezaa, ndiyo sababu mama mkwe alimwita, ndiyo sababu aliacha kufyeka. Akainua macho akamwona kaka yake anatokea kwenye ukungu, na panga mkononi.

Wakasimama. Mimi nilihesabu makosa yangu yote tangu kuzaliwa.

"Shikamoo kaka," baba mkwe akasema.

"Marahaba. Amezaa?"

"Amezaa. Jike."

"Hebu nimwone."

Wakaingia bandani wote wawili. Nikawasikia wanabishana kama ndama anafanana na mama yake. Nikakaa chini kwenye majani mabichi, nikalia, sioni haya kuandika.

Jioni baba mkwe akaniambia, "Umeona kaka yangu? Amekuja mwenyewe." Nikasema nimeona mzee.

Wazee wangu walipanda tena, na safari hii baba mkubwa aliketi. Nakijwa ni mke wangu sasa.

Lakini wakuu, mimi nilibaki na kitu moyoni. Kaka mtu anaamini mdogo wake ndiye aliyemtuma mkwe kufungua njia. Mdogo mtu, nilivyoelewa mimi, anaamini kaka yake ndiye aliyeifungua akaja. Kila mmoja anamsifu mwenzake kwangu, kwa siri. Na nikiwaona wamekaa pamoja kwenye benchi wanasikiliza taarifa ya habari, nilikuwa nawaza siku moja watagusia, wataulizana wewe ulianza lini, na hapo itajulikana hakuna aliyeanza. Ni mimi tu nilipotea. Sikumwambia hata Nakijwa.

Masika yaliyopita Mzee Elirehema akafariki.

Msibani baba mkwe alisimama kusema. Alisema kidogo tu. "Kaka yangu amenitangulia kwenye kila kitu. Hata kupatana alinitangulia, alikuja kwangu kwa miguu yake." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika chepeo, nikashindwa kutazama mtu.

Juzi nimepanda Myamba kumsalimia. Nikamkuta nyuma ya nyumba na panga, anafyeka ile njia. Nyumba ya ng'ambo imefungwa, mjane amechukuliwa na wanawe mjini. Hakuna anayepita pale sasa. Anaifyeka tu, mpaka mlangoni.

Nikachukua panga lingine nikamsaidia. Tukafika katikati. Sikuweza kuficha tena.

"Mzee, kuna kitu sijawahi kukuambia. Hii njia ile siku niliifyeka mimi. Nilipotea kwenye ukungu. Baba mkubwa alidhani wewe umenituma, na wewe ukadhani ameanza yeye."

Akaendelea kukata, kichaka kimoja, cha pili. Hakunitazama.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa bandani, nimeshika miguu ya ndama. Nikasikia panga lako limepita jiwe."

Nikashusha panga.

"Sasa mzee, mbona hukuniita?"

Akainama, akatoa jani lililonasa kwenye makali.

"Ningekuita, ungesimama."

Wakuu, mimi nilichotoka nacho ni hiki: kuna watu wameshasameheana zamani, wamekwama tu kwenye aibu ya kuanza. Ukiwaona wamenyamaza usidhani kila siku ni hasira.

Kama una ndugu wa namna hiyo, au kama wewe ndiye huyo ndugu, tuambie hapa chini mlifikaje au mmekwamia wapi. Hata matusi leteni, nitayasoma.