Nilipoigusa Alama ya Ndege

Watu wakinipa pole hadi leo huongeza, "Lakini wewe ulikuwa kwenye ndege, ungefanya nini?" Nami huitikia kwamba ni mipango ya Mungu. Mungu anisamehe, maana ninamsingizia.

Mama alikuwa akiishi Koboko, mimi Arua, nina cherehani zangu mbili kwenye kibaraza pale Awindiri. Simu ya Mama haikuwa na salio maisha yake yote. Yeye alikuwa mtu wa kubipu. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, bipu moja: nimeamka salama. Nami nabipu moja: hata mimi. Bipu tatu maana yake nipigie, na hizo bipu tatu, jamani, hazikuwa na mwisho! Nipigie, mbuzi wa jirani amemaliza mboga zangu. Nipigie, nimeota unalia. Nipigie, mbona jana ulikuwa na sauti ya mafua? Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku moja nikamwambia, pini zikiwa bado mdomoni, "Mama, wengine tuna kazi."

Akacheka. "Haya, fanya kazi yako. Lakini siku ya kuniosha mimi, usiniambie iko na kazi."

Kwetu Waislamu mama akifariki huoshwa na wanawake, na wa kwanza kuitwa ni binti. Mimi ndiye binti yake pekee. Tangu nikiwa mdogo alinitajia hilo bila huzuni, kama vile watu wengine wanavyomtajia mtoto shamba atakaloachiwa.

Halafu nikaalikwa Kampala kufundisha ushonaji kwa siku tatu, na wenyeji wangu wakanikatia tiketi ya ndege. Mimi, niliyezoea basi na vumbi lake! Fundi simu aliye jirani yangu akanielekeza: ukishakaa kwenye kiti, gusa alama hii ya ndege, simu haitashika mtandao, ukishuka, gusa tena. "Iko rahisi tu," alisema. Nilijizoeza palepale kibarazani mpaka wateja wakanicheka.

Asubuhi ya safari bipu ya alfajiri ilikuja kama kawaida, nikaijibu. Saa tatu nilikuwa nimeketi ndani ya ndege, mkanda nimeshaufunga mapema kwa woga, simu ikaita. Si bipu. Iliita, ikaita. Mama ameweka salio! Nikajua tu: ananikumbusha dua ya safari, ambayo jana yake alikuwa amenikumbusha mara mbili. Ndege ilikuwa bado imesimama, mlango wazi, watu wanapanda na mizigo yao. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote kuhusu simu. Mwanamume wa kiti cha pili alikuwa anaongea na watu wake kwa sauti ya sokoni. Nikaigusa ile alama. Simu ikanyamaza katikati ya mlio wake, na mimi, nasema ukweli, nikafurahi. Nilijiambia leo nina sababu.

Tukatua Entebe saa nne na nusu. Simu za wenzangu zikaanza kulia huku na huku, kila mtu akitoa habari kwamba amefika. Nikaitoa yangu, nikaitazama, nikairudisha mkobani. Huko Arua bibi harusi alikuwa anadai gauni lake, huko Koboko kuna mbuzi na ndoto. Siku moja tu, nikasema, hata mimi ni mtu. Nikala nikashiba, nikaoga maji ya moto, nikalala mapema.

Kesho yake asubuhi ndipo nilipoigusa tena ile alama. Ujumbe uliingia mmoja juu ya mwingine hadi simu ikawa inatetemeka mezani. Mama alikuwa amefariki jana saa nane mchana. Walinipigia na kunipigia. Wakaahirisha kumwosha wakinisubiri mimi, hadi alasiri ikapita na wazee wakasema maiti hacheleweshwi zaidi ya hapo. Majirani wawili ndio waliomwosha. Alizikwa kabla ya magharibi.

Nilirudi kwa basi. Nilipofika Koboko, wanawake waliokuwa wameketi kwenye mikeka walinipokea kwa kilio, wala hakuna aliyenisema. Laiti wangenisema! Mama mdogo, yule aliyekuwa akiishi na Mama, alinishika mkono akaniingiza chumbani.

"Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Ile asubuhi alisikia kifua iko nabana. Tukataka kumupeleka hospitali, akasema, kwanza nisikie sauti ya mutoto yangu. Nikamununulia salio, akakupigia, simu ikakata. Nikasema tupige tena. Akakataa. Akasema, 'Muache, iko huko juu, simu inaweza kuharibu ndege. Akishuka atapiga yeye mwenyewe.' Akakaa na simu mkononi. Hospitali alikataa, ati huko kelele nyingi, hatasikia ikilia."

Nilishindwa kumtazama usoni. Alinifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Ndege yenu ilikawia sana kushuka?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilikawia."