Milisekunde Kumi na Mbili za Lindi

Siku yangu ya kwanza kazini, Kilwa Masoko, nilikabidhiwa kalamu kabla ya kompyuta. Mkuu wa Kituo, mama mkali asiye na maneno mengi, aliniambia, "Somoe, hapa hatusemi intaneti iko polepole. Tunaandika ni polepole kiasi gani." Biashara ya mawasiliano ilikuwa imefunguliwa kwa kampuni binafsi, nasi tulitegemea dishi la setilaiti. Kila asubuhi nilituma pakiti, kifurushi kidogo cha data, kwa seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nikaandika imechukua muda gani kwenda na kurudi. Ilizidi nusu sekunde.

Baadaye nikahamishiwa Lindi, ofisi ya Mtanda. Mkongo, waya wa nyuzi za kioo unaopitisha data kwa mwanga, ulipofika, muda ukashuka hadi milisekunde kumi na mbili, yaani sehemu kumi na mbili tu za elfu za sekunde. Nikauandika kama nilivyouona, nikatuma ripoti Dar.

Mhandisi Mkuu akaja kutoka Dar na barua ya kunifukuza kazi. "Seva hiyo iko Ulaya, nimeitazama namba yake kwenye rejista ya anwani za mtandao. Hata mwanga haufiki huko na kurudi kwa muda huo. Umepika namba, mama."

Nilikasirika, wallahi. Miaka yote ile sikuwahi kupika hata moja. Nikamwambia, "Rejista inamtaja mwenye anwani, haisemi mtambo uko wapi. Mwenye duka anaweza kuishi Mtama na duka lake liko hapa Mtanda. Nipe saa moja."

Nikampigia simu mwenzangu niliyefanya naye kazi Kilwa, wakati huo yuko masomoni Ulaya. Akapima anwani ileile: milisekunde tisa. Mtambo mmoja hauwezi kuwa jirani yake na jirani yangu. Tukaiuliza seva iko kituo gani. Yeye ikamtajia mji wa Ulaya, mimi ikanitajia Dar es Salaam. Hiyo ndiyo enikasti: anwani moja hutangazwa kutoka sehemu nyingi, na ruta, mitambo inayochagua njia, hukupeleka kwenye ile iliyo karibu nawe.

Mhandisi akasoma skrini mara tatu. Akaichana barua mbele ya ofisi nzima.

"Shikamoo, mama. Nionyeshe ulivyofanya."

"Marahaba. Vuta kiti."

Nimestaafu nikiwa Mkuu wa Ufundi wa Kanda, na najivunia, siwafichi. Vijana mnaniambia siku hizi programu inapima yenyewe. Sawa, ipime. Ila mkubwa akikwambia namba yako haiwezekani, usiifute. Mimi sikuifuta, na mhandisi yule alipopanda kuwa Mkurugenzi, aliagiza kila mhandisi mpya aanze kazi kwangu, Lindi.