Meno Mawili ya Chini

Binti yangu wa kwanza alipofika umri wa kung'olewa meno mawili ya chini, nilikataa. Kwetu Waarusha kila mtoto aling'olewa meno hayo ya mbele kwa ncha ya kisu. Wazee walisema ni njia ya maziwa: mtu akipatwa na ugonjwa wa kukaza taya, atanyweshwa kupitia pengo. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya Wadachi huko pwani, nikarudi kuwa karani wa ghala bomani. Pwani niliona watoto wenye meno kamili. Nikasema wangu atakuwa hivyo.

Meno yakaota yamebanana, na nyama ikawa inakwama hapo hapo. Wenzake walimcheka walipokwenda kuteka maji mtoni Themi. "Funga mdomo, punda, utatung'ata!" Alirudi akanieleza. Nilimjibu kwamba watazoea.

Kazi ya kumsafisha niliichukua mwenyewe. Kila tulipokula nyama nilimkalisha kati ya magoti yangu mlangoni, penye mwanga, nikamwinua kidevu. Mama yake alikuwa akitumia unywele wa mkia wa ng'ombe, anaupitisha kati ya jino na jino, anauvuta taratibu. Mimi niliona ni uchafu.

"Unamtia mtoto mkia wa ng'ombe mdomoni?"

"Na ulimi wa ng'ombe jana alikula nani?"

Sikucheka. Nilitumia sindano ya kushonea magunia. Mara ilikaa mfukoni mwangu, mara sakafuni mwa ghala, pale punda wa mahindi waliposhushiwa mizigo. Niliifuta kwa kitambaa cheupe nikaridhika. Siku moja mtoto aligeuza kichwa ghafla, sindano ikazama kwenye ufizi. Alilia kidogo. Nilimwambia atulie, nikamaliza.

Baada ya siku kama nane hakuweza kufungua kinywa. Shingo ikakaza, kisha mgongo.

Mama mkwe alikuja kutoka Kijenge na kisu chake kidogo. Kwetu mama mkwe haingii nyumba aliyomo mume wa binti yake, wala hawatazamani usoni. Akasimama nyuma ya ukuta, akasema na mke wangu kwa sauti ya kutosha kunifikia.

"Mwambie baba yake atoke. Nitoe yale meno mawili, mtoto anywe."

Nilijua kwamba nikibaki ndani hataingia. Nikabaki. Nilikuwa nimetuma mtu bomani kumwomba mganga wa Kidachi aje, nikasema tumngoje huyo. Kwamba sindano ndiyo iliyoleta ugonjwa, wakati ule sikujua. Haya niliyajua.

"Yeyo, anasema tungoje," mke wangu akamwambia mama yake.

"Mwambie akangojee nje, hata zizi la mbuzi lina nafasi."

Mke wangu hakuyarudia hayo, maana nilikuwa nimeyasikia. "Baba yake," akasema, "toka. Nenda hata ukaangalie migomba."

Nilikaa siku ile nzima, na siku ya pili mpaka jua likawa utosini. Nilimlowesha mtoto midomo kwa kitambaa, maziwa yakateremka shavuni mpaka kwenye ngozi aliyolalia. Nilikuwa nikiyapangusa. Mama mkwe hakuondoka pale nje, nilimsikia akikohoa. Mganga hakuja, wala yule niliyemtuma hakurudi na neno. Ndipo nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama migombani nimewapa kisogo. Nilimsikia akiingia. "Bibi yuko hapa, mama," akamwambia mtoto. Sikusikia kilio, kwa sababu taya lilikuwa limekaza.

Maziwa yalipita. Mke wangu alitoka kuniambia, kibuyu kitupu mkononi. Yalipita siku hiyo na asubuhi iliyofuata, kisha hayakuhitajika tena.

Watu walisema ningemwacha aingie siku ya kwanza, mtoto angepona. Wengine walisema asingepona. Sikubishana na yeyote. Mama mkwe hakusema lolote, na kwa desturi yetu nisingeweza kumuuliza.

Wadogo zake wawili waling'olewa meno wakati wao ulipofika. Niliwashika vichwa. Kuwasafisha katikati ya yale yaliyobaki nilimwachia mama yao. Jioni moja yule mdogo alinijia, amepanua kinywa, ananionyesha kwa kidole nyama ilipokwama. Nilikuwa nimekaa mlangoni, sina kazi yoyote. Nikamwambia mama yake yuko ndani.